Mipango Yangu ya Kumbakiza Dada Talat

Jumamosi, 15 Ordibehesht

Dada Talat amefika hapa Kashan kutoka Rasht, kaskazini kwenye mvua. Wiki moja tu, alisema kwenye simu. Kuona mawaridi, kutembea jangwani kidogo, kuzuru bustani, kisha arudi kwa mwanawe. Wiki moja! Ameshuka basini na masanduku matatu, cherehani, mfarishi wa baridi na jasmini ndani ya chungu. Mgongo wangu kwisha. Nilimwuliza cherehani ya nini Ordibehesht, mwezi wa mawaridi. Akasema mtu hajui lini kitu kitachanika. Nikaacha.

Biringanya na mtindi kwa chakula. Aliutazama ua wote: hodhi, mkomamanga, dirisha la chumba cha mama. Mama hayupo tangu majira ya baridi. Mara akainua kidole, akasema kuna paka kwenye ghala la chini. Mimi sikusikia kitu. Nikashuka na tochi kumwonyesha kwamba anaota. Paka! Na watoto wake wanne.

Sasa niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Sitaki arudi Rasht. Nyumba hii ni yake kama ilivyo yangu, na tangu mama atutoke imekuwa kubwa mno. Kila asubuhi naweka bilauri mbili za chai kwa mazoea. Moja nairudisha kabatini kavu.

Kwa hiyo baada ya chakula nikamwambia: baki hapa moja kwa moja. Akainamisha macho, akasema hapana, asije akanisumbua. Nikasema haya. Nikazima samovari, birika letu kubwa la chai.

Amekataa! Miaka thelathini nimekaa ofisi ya telegramu, mahali watu wanapolipia kila neno, na kanuni yangu ni hiyo hiyo: sema mara moja, amini unachojibiwa. Kabla ya kulala akaniambia mkwewe amejifungua mapacha, na kile chumba chake kimekuwa cha watoto. Nikampa hongera. Akanitazama muda mrefu, kisha akaenda kulala.

Sijashindwa. Nina mpango. Nitamwonyesha Kashan mpaka miguu yake yenyewe ikatae kuondoka. Jangwa kwanza. Halafu bustani. Halafu marashi. Mwisho wa wiki ataniomba mwenyewe.

Jumapili, 16 Ordibehesht

Keramat amekuja. Jirani yangu huyu ameigeuza nyumba ya baba yake kuwa nyumba ya wageni, ina mnara wa upepo na mito ya hariri, na tangu hapo masharubu yake yananukia. Alikuja na sinia la vileja vya lozi. Akamkaribisha Dada. Dada akasema ameshiba. Akamkaribisha tena. Dada akasema wallahi ameshiba. Akamsihi kwa roho ya marehemu mama yetu. Dada akala vinne! Asubuhi mimi nilimkaribisha yai, akasema hapana asante, nikayala yote mawili. Mbona kwangu hakuwa na njaa?

Kisha Keramat, bila haya, akamwambia chumba chake cha ghorofani ni cha Dada. Akae hata mwaka. Akae hata miwili. Dada akacheka nyuma ya ushungi. Mwizi wa dada za watu!

Ila nimempata. Nilitaja kwamba kesho nampeleka Dada jangwani, nami gari sina, nina pikipiki. Keramat akaweka mkono kifuani. "Gari ni lako, Ezzat. Na mimi mwenyewe ni mtumishi wako." Nikasema vizuri, funguo ziko wapi? Akabadilika rangi. Labda vileja vilimsumbua. Dada akanifinya mguu chini ya kitambaa cha chakula mpaka nikaruka.

Alipoondoka, Dada akanigombeza. Ati Keramat alikuwa anasema kwa heshima tu, na mtu mwenye adabu angesema hapana mara mbili kwanza, amwachie nafasi. Nikamjibu kwamba asiyetaka kutoa gari aseme: GARI HAPANA. Maneno mawili, bei nafuu. Dada akatikisa kichwa. Akasema mama alikuwa anasema nilizaliwa nikiwa tayari nimeudhika.

Funguo ninazo.

Jumatatu, 17 Ordibehesht

Jangwani! Tulitoka alfajiri, kabla jua halijapata hasira. Nia yangu: aone uzuri, machozi yamtoke, abaki.

Gari lilinasa mchangani mapema mno. Nikamwambia Dada ndivyo nilivyopanga, matembezi yanaanzia hapa. Akasema kumbe. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, maana mjuzi wa jangwa huusikia mchanga kwa nyayo. Tukapanda kilima kirefu cha mchanga. Katikati ya kupanda, mchanga ukaanza kukaanga. Nikaendelea kwa kurukaruka. Dada, na viatu vyake vya kuendea sokoni, alinipita akihema taratibu na kuniuliza kama nacheza ngoma.

Juu kabisa tuliketi. Ziwa la chumvi likimeta kule mbali, na upepo ukichora mistari miguuni petu. Hakuna sauti. Dada akavuta pumzi ndefu. Akasema Rasht ni pazuri lakini hata chumvi inalowa, nguo zinaota ukungu kabatini, na magoti yake hayajawahi kukauka tangu aolewe kule. Hapa hayaumi. Kisha akasema polepole, akiutazama mchanga: laiti angekuwa na mahali huku.

Nikaelewa papo hapo. Chumba cha ghorofani cha Keramat! Ndicho anachokiwaza. Moyo ukanichacha. Nikamwambia ngazi za ghorofani huua magoti. Halafu akachukua kiatu changu, akamwaga mchanga, akanipangusa vidole na ncha ya ushungi wake, akanivalisha. Hivyo hivyo alivyonivalisha siku yangu ya kwanza ya shule, nilipokuwa nalia mlangoni. Nikamwambia upepo umenitia vumbi machoni.

Kushuka niliongoza mimi. Njia ya mkato. Tulipofika chini, gari halikuwepo. Limeibwa! Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Keramat. Dada akainua kidole: njuga za ngamia, upande ule. Mimi nilisikia tumbo langu tu. Tukafuata masikio yake, na nyuma ya kilima cha tatu alikuwepo mchunga ngamia, na mbele yake gari, pale pale tulipoliacha. Ngamia wake alilivuta kwa kamba huku akinitazama kwa dharau. Nilipomshukuru, alinitemea.

Dada alicheka mpaka nyumbani. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia kicheko ndani ya gari lolote.

Jumanne, 18 Ordibehesht

Nimerudisha gari. Keramat akasema si kitu, mchanga ni baraka, gari lenyewe halina thamani mbele ya urafiki. Nikafarijika, nikaondoka. Baada ya muda nikamwona kupitia tundu la ukuta, ameinama na ufagio ndani ya gari, akitoa maneno yasiyofaa kwa mwenye nyumba ya wageni. Hawa watu hawaeleweki.

Alasiri, Bustani ya Fin. Mpango wa leo: utoto. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaruka ule mfereji wa maji ya buluu chini ya miti mirefu, na mama akitupigia kelele na tikiti maji mkononi. Nikamwambia Dada nitazame. Akasema Ezzat, usithubutu. Akasema tena, Ezzat, una miaka sabini na moja! Nikaruka.

Maji ya Fin ni baridi sana. Naandika hivi kama shahidi.

Nani alikuwepo? Keramat, na wageni wake. Wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya ziara. Keramat akavua koti lake akanipa. Nikalivaa. Nilikuwa nimeshafunga vifungo, yeye bado anasisitiza: tafadhali, litwae, nakusihi, utaniumiza usipolitwaa. Mazoea mabaya.

Dada alipokwenda kuninunulia chai, Keramat akaketi karibu nami juani. Akaniuliza kama Dada atabaki. Nikamwambia nilimwomba, akakataa. Akaniuliza nilimwomba mara ngapi. Swali gani hilo? Mara moja. Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ezzat, ndugu yangu! Mtu mzima wa heshima zake, umwambie mara moja kama unayeuliza saa, naye adandie? Ataonekana amekuja kuvamia nyumba. Mbembeleze! Mwambie mara ya pili, mwambie mara ya tatu!"

Nikamwambia hayo ni maneno ya kuuzia vitanda. Dada yangu na mimi tumenyonya ziwa moja, hatuhitaji sarakasi. Alisema hapana, na hapana ni hapana. Keramat akanitazama kwa huruma. Sitaki huruma ya mtu mwenye masharubu ya kupaka mafuta.

Ila nilipokaa na koti lake, wazo likanijia. Kubwa! Huenda Dada haoni sababu ya kubaki kwa sababu anahisi namhitaji. Watu huwakimbia wanaowahitaji. Kwa hiyo: Mpango wa Kinyume. Nimwonyeshe sijali. Akiona sijali, atang'ang'ania.

Nimepita kituo cha mabasi nikiwa bado nalowesha sakafu yao. Nimemnunulia tikiti ya kurudi Rasht. Ijumaa asubuhi, kiti cha dirishani.

Jumatano, 19 Ordibehesht

Qamsar, kijiji cha marashi. Tuliondoka na lori la wachumaji, mapema, umande ungali juu ya mawaridi. Dada alifunga kitambaa kiunoni akaingia shambani kana kwamba hajawahi kuondoka. Mimi nilichuma miiba zaidi.

Bi Esmat, mwenye masufuria ya kuchemshia mawaridi, alimweka Dada penye moto. Mama aliwahi kukeneka marashi naye, kuyatoa kwa mvuke, hapo hapo. Dada hakuuliza kitu. Alijua lini aongeze kuni, lini aondoe, lini abadilishe maji ya kupoza. Aliweka sikio karibu na shaba, akasema bado, bado, sasa. Tone la kwanza likatoka. Akalipaka kwenye kiganja changu, na ghafla mama alikuwa amesimama pale, nguo zake, mikono yake, kila kitu.

Bi Esmat akasema angempata Dada kila msimu angekufa akiwa na furaha. Dada akajibu atakuja Mungu akipenda, na watu wakimtaka. Alisema huku ananitazama mimi. Nikaona huu ndio wakati. Nikatoa tikiti.

Nikamwambia nimekurahisishia, Dada. Ijumaa. Dirishani. Nikasubiri ang'ang'anie.

Aliishika tikiti kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Akasema, "Umefikiria kila kitu, mdogo wangu." Akaikunja ndogo, ndogo zaidi, akaifunga kwenye pembe ya ushungi. Bi Esmat akanitolea macho. Hata mtoto wa punda aliyefungwa pale alinitazama vibaya.

Njia nzima Dada alipakata chupa ya marashi. Sasa hivi namsikia chumbani, anaifunga cherehani kwa matambara. Kabla ya hapo aliimwagilia jasmini na kuiambia isijisumbue kuzoea maji ya hapa.

Mpango wa Kinyume umekwenda mbele badala ya kinyume. Sikula. Naumia, na naumia zaidi kwa sababu sijui nimekosea wapi. Tikiti ilikuwa ya dirishani!

Alhamisi, 20 Ordibehesht

Niandike upesi.

Niliamka na mpango wa mwisho. Sufuria! Nimnunulie Dada sufuria ya shaba ya kukenekea marashi, kubwa, kubwa mno, isiyoingia basini kwa mlango wala kwa dirisha. Zawadi haikataliwi. Zawadi haiachwi. Basi haliichukui. Kwa hiyo mwenye zawadi anabaki! Sijawahi kuwa na akili kama leo asubuhi.

Nikamwambia twende sokoni akanunue vitu vya mapacha. Akakubali, kwa sauti ya mgonjwa. Nikamwingiza kwenye soko la wafua shaba. Kelele ya pale inajulikana: nyundo kulia, nyundo kushoto, meno yanacheza kinywani. Fundi mmoja mnene alikuwa na sufuria ambayo ng'ombe angeogea. Nikaipapasa. Nikamwambia Dada ni yako.

Akaniuliza kwa ishara ataipelekaje Rasht. Nikamwambia ndiyo maana yenyewe, ubaki! Akaweka mkono sikioni. "Eh?"

Nikapaza sauti. Nikasema ubaki hapa, nyumbani, usiende! Nyundo zikazidi. Dada akasogea karibu, uso mzito, macho yamenikazia. Akatikisa kichwa kwamba hasikii. Mkono bado sikioni.

Hapo nikapandwa na hasira. Wiki nzima nimejizuia, nimeungua nyayo, nimeoga Fin na suruali, na sasa nyundo za watu! Nikavua kofia. Nikapiga kelele kwa pumzi zote. Nilisema nyumba imekuwa kubwa mno. Nilisema kila asubuhi naweka bilauri mbili na moja nairudisha kavu. Nilisema sijui tikiti ile niliinunua kwa nini, mimi ni mpumbavu, chumba cha mama nimekipaka chokaa kwa ajili yako tangu mwezi uliopita, nikaona haya kukuambia. Nilisema baki, Dada, nakuomba, baki, usiniache na hodhi na paka!

Kumbe nyundo zilikuwa zimenyamaza. Sijui tangu lini. Soko zima lilikuwa linanitazama. Fundi mnene alikuwa anajifuta macho na aproni yenye masizi, uso umekuwa mweusi. "Mama," akamwambia Dada, "kama humtaki, tupe sisi tukae naye."

Dada akashusha mkono kutoka sikioni, taratibu. Akafungua pembe ya ushungi, akatoa tikiti, akanipachikia kwenye mfuko wa shati. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini mdomo ulikuwa unacheka. "Basi sawa," akasema. "Maadamu umenibembeleza."

Kisha akamgeukia fundi akasema sufuria hii hapana, jamani, tutaiweka wapi sisi? Tupe ile ndogo.

Sisi, alisema. Nyundo zikaanza upya zote kwa pamoja, na mimi nikalia kwa starehe, maana katika kelele ile hasikii mtu.

Jumamosi, 22 Ordibehesht

Ushindi! Mpango umefanya kazi, kama nilivyosema. Jangwa, bustani, marashi. Hakuna moyo unaoweza kuyapinga kwa mpangilio ule. Cherehani iko chini ya dirisha la mama, jasmini iko kando ya hodhi, na paka amehamia ndani ya sanduku moja na familia yake.

Keramat alikuja na vileja kutoa pongezi. Amesikia, mji mzima umesikia. Akanikumbatia akasema hatimaye umejifunza, Ezzat. Sijui anazungumzia nini. Nikampa ile tikiti ya Rasht, nikamwambia ni yako. Akakataa mara mbili, nikairudisha mfukoni.

Jambo moja linanihuzunisha. Dada yangu ni kiziwi.

Sikugundua mpaka sokoni. Kelele yote ile, mimi nalia, naye "eh?" na mkono sikioni. Maskini, na hajawahi kulalamika! Nimeamua kumsaidia bila kumwaibisha. Sasa kila kitu namwambia mara tatu. Dada, kula yai. Dada, tafadhali kula yai. Dada, kwa roho ya mama, kula yai. Na kweli, mara ya tatu husikia, akala. Alikuwa anashinda na njaa kwa sababu ya masikio tu! Leo amekula mayai mawili na mkate wote, amenenepa mbele ya macho yangu. Nimeuliza mahali pa kupata dawa ya masikio. Wanasema mafuta ya kitunguu, vuguvugu. Naandaa mpango wa kumtilia bila yeye kujua.

Nilikuwa nanong'ona hayo wakati nayaandika, kama kawaida yangu, nikiwa chumbani na mlango umefungwa. Kutoka jikoni, ng'ambo ya ua, Dada akasema nikimsogelea na kitunguu atanivunja mkono. Ajabu. Masikio ya wazee yanakuja na kuondoka.

Sasa hivi ameniuliza kama nitakunywa chai. Nikasema hapana, asante. Akauliza tena. Nikasema hapana. Hakusikia hilo pia, maskini, akauliza mara ya tatu, chai yenye iliki, ninywe kwa ajili yake. Nikakubali ili nisimchoshe.

Imekuja tamu, kama ninavyoipenda. Ameketi hapa kandoni mwangu anashona kitu kidogo cha mapacha. Mezani kuna bilauri mbili, na zote zimelowa.